Risala ya Wanafunzi wa Shahada ya Uzamili ya Tiba kwa Vitendo kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo na wahadhiri wetu,
Wasimamizi wetu wa mafunzo ya vituoni,
Wazazi, walezi na wenzi wetu,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakukaribisha kwa mikono miwili. Umekuja siku yetu, tarehe 27 Oktoba, ambayo wanataaluma wa tiba kwa vitendo, yaani tiba inayomsaidia mtu kuzimudu tena shughuli zake za kila siku, duniani huiadhimisha kila mwaka tangu 2010. Tungeweza kukusomea orodha ya masomo tuliyofaulu na vifaa tunavyopungukiwa. Tumeona ni heri tukueleze jambo moja, kwa sababu tunaamini hilo likikaa sawa mengi yatafuata. Jambo lenyewe ni muda wa mtaalamu anayemsimamia mwanafunzi mbele ya mgonjwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, wengi wetu tuliingia kwenye shahada hii tukitoka fani nyingine. Tuna wenzetu waliosomea saikolojia, wengine biolojia, wengine sayansi ya michezo, na wapo waliokuwa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Tumesoma misuli na neva, makuzi ya mtoto, afya ya akili, mbinu za utafiti na maadili ya kazi. Hayo yote yanaelekea kwenye swali ambalo taaluma yetu haichoki kuliuliza: huyu mtu akisharudi nyumbani, ataishije? Ataoga mwenyewe? Atambeba mjukuu? Atakaa tena mbele ya cherehani yake? Mtoto mwenye usonji ataweza kukaa darasani kengele inapolia na wenzake wanapopiga kelele? Kijana aliyetoka hospitali ya magonjwa ya akili ataamka saa ngapi, na ataijaza vipi siku yake?

Mwaka wa kwanza tulipewa shati la vifungo na kuambiwa tuandike kila kinachohitajika ili mtu aweze kulivaa. Tulidhani ni zoezi jepesi. Jicho lazima litofautishe kifungo na kitambaa chenye rangi ileile. Kidole gumba na cha shahada vibane, huku mkono wa pili ukishikilia tundu. Kiwiliwili kisiyumbe, mabega yafunguke, ubongo ukumbuke kuwa mkono huingia kabla ya kifungo kufungwa, na mtu mwenyewe awe na hamu ya kuvaa. Wagonjwa wawili wa kiharusi wanaweza kushindwa shati hilohilo kwa sababu zilizo mbali kabisa. Wa kwanza vidole vyake havina nguvu. Wa pili vidole vyake ni vizima, ila ubongo wake hautambui tena kwamba kuna upande wa kushoto, na mkono wa shati unaoning'inia upande huo kwake ni kama haupo. Yule wa kwanza tutamfundisha kuanza na mkono uliolegea anapovaa, na kuutoa mwisho anapovua. Wa pili tukimpa mazoezi ya vidole tutakuwa tumempotezea wiki nzima.

Vitabu vinaeleza tofauti hiyo vizuri. Lakini mwanafunzi aliyesimama wodini asubuhi, mgonjwa akiwa amechoka na mkewe akisubiri jibu, haioni mpaka awepo mtu wa kumnong'oneza, "Tazama macho yake yanaelekea wapi." Mtu huyo ndiye msimamizi tunayemzungumzia.

Ni hivyo hivyo kwenye chumba cha magango, yaani vifaa vigumu vya kushikilia kiungo kikae sawa. Plastiki ya kutengenezea gango la mkono hulainishwa kwenye maji ya moto ya takribani nyuzi joto 65 hadi 75. Ikitoka majini una dakika chache tu za kuifinyanga kwenye kiganja cha mtu kabla haijakakamaa. Kifundo cha mkono kikae kimeinuliwa kidogo kuelekea nyuma, vidole vikunjwe pale vinapoanzia na vinyooke mbele. Ukibonyeza kwa ncha ya kidole, unaacha shimo litakalomchoma mgonjwa usiku kucha. Msimamizi hushika mkono wako juu ya mkono wa mgonjwa, anakuonyesha kutumia kiganja badala ya ncha za vidole, kisha baada ya nusu saa anakurudisha mlivue gango mtafute wekundu kwenye ngozi. Fundisho hilo halina njia ya mkato, na sisi hatutaki ipatikane.

Ndugu Mgeni Rasmi, Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba kwa Vitendo, lililoanzishwa mwaka 1952, limeweka kiwango cha chini cha saa 1,000 za mafunzo ya vituoni, yaani mahali wagonjwa wanapohudumiwa, kwa kila anayehitimu. Nchini Marekani, ambako taaluma hii huingiwa kwa shahada ya uzamili au ya udaktari, mwanafunzi hukaa vituoni kwa angalau wiki 24 za kazi ya kutwa kabla ya kufanya mtihani wa taifa. Huko uliwahi kuzuka mjadala mkubwa. Mwaka 2017 chombo kinachoidhinisha vyuo kilitangaza kwamba kuanzia 2027 kiwango cha kuingilia kazini kiwe shahada ya udaktari peke yake. Mwaka 2019 uamuzi huo ulikuwa umeachwa, na ngazi zote mbili zikabaki. Tumeufuatilia mjadala huo kwa makini, na maoni yetu ni kwamba urefu wa shahada haumfikii mgonjwa kama mwanafunzi hakusimamiwa. Saa 1,000 za kukaa pembeni na daftari hazilingani na saa 1,000 za kushika, kukosolewa na kushika tena.

Waasisi walilijua hilo. Mwaka 1917, walipokutana Clifton Springs huko New York kuunda chama cha kwanza cha taaluma hii, mwenyeji wao alikuwa George Edward Barton, msanifu majengo ambaye upande wake wa kushoto ulikuwa umepooza, na ambaye alijifunza thamani ya kazi za mikono katika kujiuguza mwenyewe. Mwaka 1930 Daktari Elizabeth Casson alianzisha Dorset House mjini Bristol, shule ya kwanza ya tiba kwa vitendo nchini Uingereza, na akaiweka palepale alipokuwa akitibu wanawake wenye maradhi ya akili. Wanafunzi na wagonjwa walikuwa chini ya paa moja. Sisi leo tuna vyuo upande huu na wagonjwa upande ule, na daraja katikati ni msimamizi mmoja mwenye orodha ya wagonjwa isiyopungua.

Hapo ndipo penye kilio chetu. Msimamizi anapompokea mwanafunzi, wagonjwa wake hawapunguzwi. Anaeleza, anakagua maandishi, anajaza fomu za tathmini, kisha anabaki jioni kumalizia kazi yake mwenyewe. Muda huo hauhesabiki popote, wala haumsaidii anapofikiriwa kupandishwa cheo. Tunawapenda wasimamizi wetu, na tunasema mbele yao kwamba hatuwalaumu wanaposema mwaka huu hawawezi. Wakikataa wawili au watatu, mwanafunzi huhamishiwa kituo ambacho hakuna mwenye nafasi ya kumtazama, na anamaliza majuma yake akisukuma viti mwendo na kupanga vifaa. Ametimiza saa. Mgonjwa wake wa kwanza baada ya kuhitimu ndiye atakayelipa pengo.

Upungufu mwingine ni wa aina ya vituo. Wodi za kiharusi na majeraha ya mkono tunazipata. Afya ya akili, shule, magereza, na zaidi ya yote nyumbani kwa wagonjwa, ni nadra. Inasikitisha, kwa kuwa mtu anayejivalisha vizuri kwenye chumba cha mazoezi huweza kushindwa kabisa kwake, ambako kitanda ni cha chini na mlango wa choo ni mwembamba kuliko kiti mwendo chake. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuupima mlango ule atampeleka nyumbani mtu asiyeweza kufika chooni.

Kuhusu gharama tutasema kwa ufupi. Majuma ya vituoni ni ya kazi ya kutwa bila malipo, ada ikiendelea, na wenzetu wenye watoto hulazimika kuhama walipo. Wapo walioahirisha masomo kwa sababu hiyo tu, na walikuwa miongoni mwa bora wetu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 wanaishi na hali ambayo huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wake, zingeisaidia. Vyuo vinaweza kuongeza viti vya darasani vikitaka. Wasimamizi hawaongezeki kwa kununua viti.

Kwa hiyo, Ndugu Mgeni Rasmi, ukiwa kiongozi unayesimamia hospitali na vituo vya utengamao, tunakuomba saa za kumsimamia mwanafunzi zihesabiwe kuwa kazi: msimamizi apunguziwe wagonjwa katika majuma hayo, na usimamizi uingie katika vigezo vya kumpandisha cheo. Tunaomba pia wasimamizi wapya wapewe mafunzo ya kufundisha, maana kuwa hodari wa tiba na kuwa mwalimu ni mambo mawili. Tunaomba utufungulie milango ya shule, ya huduma za afya ya akili na ya ziara za nyumbani, hata kama wataanza kupokea mwanafunzi mmoja mmoja. Na panapowezekana, uanzishwe mfuko wa nauli na malazi kwa wanaopangiwa mbali.

Sisi kwa upande wetu tunaahidi kufika kwa wakati, kusoma kabla ya kuuliza, na kila atakayehitimu miongoni mwetu, akishapata uzoefu unaostahili, ampokee mwanafunzi. Orodha ya vituo vilivyopokea wanafunzi na vilivyoshindwa, pamoja na sababu walizotupa, tumeiambatisha na nakala ya risala hii. Wasimamizi wetu wamekaa safu ya pili, kulia kwako, na wako tayari kuzungumza nawe mara baada ya shughuli hii.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.