Jumamosi: hadithi ya afisa wa chombo cha angani

Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi saa kumi tukutane Nyerere Square, upande wenye kivuli. Tutasoma muswada wa mwenzetu, ule wa afisa wa chombo cha angani anayeanza kushuku kwamba dunia yake yote imetengenezwa.

Nimeusoma mara mbili. Ukurasa wa pili umenishika: afisa yuko karibu na sayari ya Mshtarii (Jupiter), anampigia mama yake Kondoa, na mama anaitika papo hapo, karanga zinasikika zikikaangwa. Sasa, mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya mwanga. Toka Mshtarii hadi huku ni zaidi ya dakika 30, na jibu nalo lina safari yake. Afisa anajua hesabu hiyo, kwamba jibu la papo hapo haliwezekani. Lakini sauti ni ya mama kabisa, hata kile kikohozi. Hapo niliweka karatasi chini nikatoka nje.

Mwanafalsafa Descartes alishalitafakari jambo hili, la kushuku kwamba tunavyoviona ni vya uongo, mwaka 1641, ila naomba tusigeuze kikao kuwa darasa la falsafa. Mwandishi amekwama: afisa akate simu au aendelee kuongea? Mimi nasema asikate.

Muswada uko hapo juu. Njooni mmeshausoma, tafadhali.