Risala ya Kikundi cha Waendesha Baiskeli kwa Mgeni Rasmi, Chake Chake, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Masheha, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum.

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, tukijua majukumu yako ni mengi. Barua ya kwanza haikujibiwa, ya pili imejibiwa, alhamdulillah.

Kikundi hiki kimeanzishwa na vijana ambao mama au baba zao walipata saratani. Mafanikio yetu ni ya kupigiwa mfano: tuna katiba, muhuri, akaunti ya benki, fulana za rangi moja na fundi wetu wenyewe.

Mheshimiwa, mgonjwa wa Pemba anayepelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi, mara nyingi hupigwa mionzi hiyo siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo. Hawezi kwenda na kurudi. Anahitaji pa kulala, chakula na mtu wa kumuuguza. Nauli ya boti ndiyo gharama ndogo. Kwa hiyo tunaendesha kutoka Mkoani hadi Konde, na wafadhili hulipa kwa kila kilomita. Baiskeli ikifia njiani, kilomita zilizobaki hazilipwi, na anayepungukiwa ni mgonjwa.

Hitaji letu kubwa ni moja: magurudumu ya nyuma.

Uzito wa mpandaji na wa keria hukaa nyuma, na spoku hukatika pale zinapopinda kuingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, hasa upande wa friwili, ile gia ya meno inayovutwa na mnyororo. Ikikatika moja, rimu hupinda na kusugua breki, na spoku za jirani hubeba mzigo mpaka nazo zikatike. Kuweka mpya lazima friwili ifunguliwe kwa kifaa chake. Nyundo na patasi huivunja meno. Na Pemba mlima ukiisha mwengine unaanza. Breki zikishikwa sana kwenye mteremko rimu hupata moto, gundi ya kiraka hulainika, upepo unatoka.

Mwaka juzi mgeni rasmi alituahidi magurudumu haya haya, makofi yakapigwa. Mwaka jana mgeni mwengine alirejea ahadi ile, na kilichofika ni katoni ya tyubu za inchi 26. Baiskeli zetu ni za inchi 28. Tuliandika barua ya shukrani kama ilivyo ada. Katoni ipo stoo, ukipenda tutakuonesha.

Kwa heshima kubwa, tunaomba magurudumu 24 ya nyuma ya inchi 28, yaliyokwisha kusukwa kwa spoku zisizoshika kutu, maana hewa ya bahari haina huruma. Tyubu 48 za saizi hiyo hiyo. Funguo 4 za kukazia spoku. Na vifungulio 2 vya friwili. Fedha taslimu hatuombi.

Ikiwa utaridhia, Mheshimiwa, tunaomba utaje tarehe, si “hivi karibuni”. Fundi wetu amekaa safu ya mbele na futikamba mfukoni. Yuko tayari kufuatana na msaidizi wako dukani leo hii baada ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.