Barua ya wazi: Mheshimiwa, ile meza ya wakaguzi iko wapi?

Mheshimiwa unayesimamia vipimo na mizani,

Baada ya salamu, nakuarifu kwamba mizani yangu iko kwenu. Vijana wako waliichukua Ijumaa asubuhi, samaki ndio kwanza wanashushwa na wateja wamejaa, kwa kosa la muhuri kupitwa na mwaka. Sheria siipingi. Sura ya 513, ile Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya, yataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri kila mwaka, na sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Chumvi na maji ya samaki huila springi taratibu, mwisho mshale haurudi tena kwenye sufuri.

Lakini ni nani aliyesimama hapa sokoni Likoni, kipaza sauti mkononi, akatuahidi kuwa wakaguzi watakuja na mawe yao ya kupimia, waweke meza papo hapo, tupigiwe muhuri bila kufunga biashara? Tulikushangilia. Mimi nilipiga hadi vigelegele. Meza hatujaiona. Gari la kunyang'anya mizani, hilo mafuta halikosi.

Wako wanaosema wakaguzi ni wachache, wengine wanasema mawe yenyewe mabovu. Mimi muuza changu na tafi nitajuaje? Nijualo ni kuwa kuipeleka mizani ofisini ni kuibeba mpaka kwenye feri, nivuke, nipange foleni, na siku imekwisha. Samaki hangoji foleni, Mheshimiwa. Na barafu hainunuliwi kwa ahadi.

Sasa nauza kwa mafungu. Mteja anakadiria kwa jicho, nami kwa jicho, tunaishia kugombana. Ndiko kumlinda mnunuzi huko? Jirani yangu kanunua kimizani cha plastiki, kile cha kupimia unga wa keki, akiona gari lenu anakitia chini ya meza. Na dalali anayetuuzia alfajiri anapima kwa ndoo. Sijasikia ndoo yake ikiulizwa muhuri.

Faini nitalipa, japo sijui kwa fedha ipi. Nirudishieni mizani yangu, kisha leteni ile meza. Hata kwa asubuhi moja, leteni ile meza. Kama kinachokosekana ni meza yenyewe, chukueni yangu, nitaikwangua magamba.

Wako mtiifu, mpaka sasa,
Muuza samaki, Likoni, Mombasa