Malalamiko: Mnaita Ule Uchunguzi wa Injini?

Kwa Meneja wa Gereji,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UCHUNGUZI WA MLIO WA INJINI, MAZDA MX-5 YA MWAKA 1991

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Utaratibu wenu wa kupokea gari lenye mlio mnaujua, umebandikwa ukutani pale mapokezi, sina haja ya kuwasomea. Kwangu haukufuatwa hata kidogo. Nilichopewa ni karatasi inayosema injini inagonga konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), ifumuliwe, ibadilishwe kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), beringi na pistoni, pamoja na ankara ya "uchunguzi". Kwa heshima zote, naomba kuuliza: uchunguzi upi?

Gari lilikuwa limelala kwenu, asubuhi injini ni ya baridi, na huo ndio wakati mlio wenyewe unasikika vizuri. Nilimwomba fundi wenu mkuu aiwashe, aiache silensa, yaani iunguruke polepole bila kukanyaga mafuta, ainamie kava ya valvu asikilize. Badala yake aliketi kwenye kiti changu akakanyaga mafuta mpaka sindano ya mizunguko ikagusa nyekundu, 7,000 kwa dakika, injini ya miaka zaidi ya 30, oili haijapanda vizuri kutoka kwenye sampu, bakuli lake la chini. Nikamwambia acha. Hakuacha. Nikagonga kioo. Akakishusha, mguu ungali kwenye pedeli, akasema mbele ya wateja waliokuwa kwenye benchi: "Mama, wewe kazi yako kuendesha, kusikiliza tuachie sisi." Watu wakacheka.

Sasa tuzungumzie huko kusikiliza kwenu. Siku nilipolileta gari, kijana wenu alihangaika na mashine ya kusoma kompyuta akitafuta soketi chini ya usukani. Soketi hiyo ilikuja kuwa ya lazima Marekani kwa magari ya modeli ya 1996. La 1991 lina kiboksi chake chini ya boneti, na makosa husomwa kwa taa inayomweka. Hakukiona. Akaandika "hakuna hitilafu iliyoonekana". Chini yake, mwandiko mwingine, "konrodi". Karatasi moja, majibu mawili, na yote mawili nimelipia.

Konrodi ikigonga haijifichi. Sauti yake ni nzito, inatoka chini, na inazidi injini ikibeba mzigo. Mlio wangu ulikuwa mwembamba, juu kabisa, tiki-tiki-tiki, kwa mwendo wa kamshafti (mhimili wa juu unaofungua valvu), yaani nusu ya kasi ya kranki, na injini ikipata moto ukawa unafifia. Beringi za konrodi zikiisha, presha ya oili nayo huanguka injini ikishapata moto. MX-5 za miaka hiyo zina geji ya presha inayopima kweli. Ni kuanzia 1995 ndipo walipoweka sindano inayosimama tu katikati kumtuliza dereva. Ya kwangu ilikuwa inasoma vizuri. Nani aliitazama? Kipo pia kipimo ambacho hata mwanagenzi anakijua: injini ikiwa silensa, chomoa waya wa plagi mmoja baada ya mwingine, silinda yenye konrodi mbovu ikikosa moto, kugonga kunapungua au kunabadilika. Vumbi juu ya vichwa vya zile waya nililikuta kama nilivyoliacha.

Fundi mwingine, ambaye nimelazimika kumlipa upya, aliweka ncha ya bomba sikioni na nyingine kwenye injini, akachomoa waya zote kwa zamu, mlio haukubadilika. Kisha akavuta kijiti cha oili. Oili ilikuwa juu ya alama ya F, ya kujaa, mbali. Nani aliitia? Ninyi, kwenye sevisi iliyotangulia. Ankara yenu inasema kopo la lita 4, lote, kwenye injini ya 1.6 isiyohitaji kiasi hicho. Oili ikizidi, kranki huipiga ikatoa povu, na povu likiingia kwenye tapeti za haidroli, zile zinazosukuma valvu kwa presha ya oili, tapeti zinabaki na hewa na kuanza kugonga. Kabla ya sevisi yenu gari halikuwa na mlio wowote. Ikamwagwa, ikatiwa mpya ya uzito unaotakiwa mpaka kwenye alama, nikaliendesha, mlio ukaisha. Hiyo ndiyo injini mliyotaka kuifumua.

Narudi kwenye ile asubuhi, kwa kuwa najua mtasema ni lugha tu za gereji. Hakukanyaga mara moja. Alikanyaga, akaachia, akakanyaga tena, akinitazama mimi, si geji. Nimesimama na kiganja kwenye kioo nasema injini ya baridi hiyo, acha. Karani wenu alitoka mlangoni, akaona, akarudi ndani. Na lile neno la "Mama, wewe kazi yako kuendesha" alilisema mara mbili, ya pili kwa sauti ili waliokaa mbali nao wapate. Simu yangu ilikuwa inarekodi, nilitaka kuunasa mlio. Imenasa yote, hadi kicheko. Halafu nielezeni: kama aliamini konrodi inagonga, fundi gani anaikanyaga injini ya namna hiyo mpaka 7,000?

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai ada ya uchunguzi na kuombwa radhi kwa maandishi. Nimeitazama ankara tena, nimebadili nia. Nataka ada hiyo, gharama ya ile sevisi, na malipo ya fundi wa pili. Ada ya maegesho mliyonitoza siku ya kulichukua gari, nayo irudi. Sijui mlipata wapi ujasiri. Mtalipia pia kipimo cha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) na cha presha ya oili, kwa fundi nitakayemchagua mimi. Na radhi aiombe yeye mwenyewe, palepale penye benchi.

Nawapa siku 14. Zikipita, barua hii na rekodi vitafika kwenye mamlaka ya kulinda watumiaji, kisha mahakamani. Na vipimo vikionyesha injini iliumia asubuhi ile, sitadai ada tena, nitadai injini.

Msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi.

Mteja wenu,
Mwenye gari lililotajwa hapo juu