Madai kuhusu mke wa Einstein yametiwa chumvi

Mhariri,

Makala mliyoichapa juma lililopita, yenye kudai kwamba Mileva Marić ndiye aliyebuni nadharia ya uhusianifu (inayoeleza jinsi vipimo vya muda na umbali vinavyotegemea mwendo wa anayepima) na mumewe, Albert Einstein, akajitwalia sifa, imenilazimu nishike kalamu, kwani nimesomesha fizikia miaka mingi na najua madai ya namna hii hupokewa darasani kama habari iliyothibitishwa.

Tegemeo kubwa la wanaodai hivyo ni barua ya Machi 1901, ambamo Einstein alimweleza Mileva, kabla hawajaoana, fahari atakayoona siku watakapokamilisha “kazi yetu” kuhusu mwendo. Neno “yetu” ni zito, wala silipuuzi. Lakini katika barua nyingine za miaka hiyo, kila anapofafanua hoja zenyewe, Einstein husema “mimi”, na barua za Mileva zilizosalia hazina hoja yake mwenyewe juu ya nadharia hiyo. Linganisheni na wanasayansi Marie na Pierre Curie, mke na mume, ambao daftari zao za maabara zina miandiko ya wote wawili, na ambapo Pierre, alipodokezwa mwaka 1903 kwamba Marie ameachwa nje ya Tuzo ya Nobel, aliandika kudai mkewe ahesabiwe. Kwa Mileva hatuna daftari kama hizo. (Mwishoni mwa makala ya Einstein ya 1905 iliyoitangaza nadharia hiyo, aliyeshukuriwa kwa jina ni rafiki, Michele Besso, mke hakutajwa, na hilo linanikera hata mimi.)

Kuhusu fedha za Tuzo ya Nobel ya Einstein alizopewa Mileva, ambazo wengine huziona kama malipo ya mchango wake, hayo yalikuwa masharti ya talaka ya 1919, kwa ajili ya matunzo yake na ya watoto wao wa kiume, na tuzo yenyewe haikutolewa kwa uhusianifu.

Ambalo makala yenu haikuligusa ndilo lenye ushahidi. Mileva aliingia chuo cha ufundi cha Zürich mwaka 1896, wakati wanawake wa kusoma fizikia wakihesabika kwa vidole. Akashindwa mtihani wa mwisho mwaka 1900, akaurudia 1901 akiwa mjamzito na hajaolewa, akashindwa tena, na hakuufanya mara ya tatu. Mwenzake aliyempa mimba hiyo alikwisha kupata stashahada yake. Naomba toleo lijalo liwaeleze wasomaji habari za mwaka huo.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro