Barua ya wazi kwa wenye blogu wa Arusha na Moshi: ukuta ni wako, rangi ni ya nani?

Wanangu wa blogu, wa hapa Arusha na wa kule nyumbani Moshi, hamjambo. Mlioniamkia kwenye kile kikao cha Jumamosi, cha kuwaita mjiunge na mtandao wa matangazo, yani kampuni inayokusanya blogu nyingi na kuuza nafasi zao za matangazo kwa wateja, nimeitika, marahaba, na ambao hamkuniamkia nimewaona pia.

Mimi ndo yule mama aliyekaa nyuma karibu na mlango. Mjukuu wangu mwenye blogu ya kupanda milima alinibeba kwenda, akasema bibi wewe umefanya biashara miaka mingi twende ukasikilize, basi nikajifunga kitenge nikaenda. Ukumbi mzuri, soda zipo, sambusa zipo, kila mtu kapewa fulana. Yule kijana wa mtandao wa matangazo akawasha skrini akaonyesha ule mstari unavyopanda, blogu walizoanza nazo zilikuwa chache sasa hivi hazihesabiki, mstari unapanda kama watu wanaopanda Meru kwa njia ya Momella, na nyie mkapiga makofi. Mimi nilikula sambusa.

Nilinyoosha mkono mara moja tu. Nikauliza, mwanangu, blogu moja, moja tu, mwaka juzi ilipata shilingi ngapi na mwaka huu imepata ngapi? Akatabasamu, akarudisha ule mstari kwenye skrini. Mjukuu wangu akaniminya goti ninyamaze, nikanyamaza, ndo maana naandika.

Niwaambie kitu cha ukuta. Nilikuwa na duka Majengo, Moshi, duka la kona, ukuta wake mrefu unatazama barabara. Siku moja akaja wakala wa matangazo, sio wa kampuni yenyewe, wakala, akasema mama tunataka tupake rangi ukuta wako na picha ya kinywaji, utapata kreti mbili za soda na kibao chenye jina la duka. Nilifurahi kweli! Ukuta ulikuwa umebanduka nilishaanza kuwaza hela ya chokaa. Wakapaka, ukawaka mwekundu mpaka watoto wa shule wakawa wanasema tukutane kwa mama mwekundu. Kibao kikaja, jina langu dogo kama la mtu aliyefungwa na deni, jina la kinywaji kubwa. Mwaka wa pili nikamuuliza yule wakala, je safari hii? Unajua alinijibu nini, alisema mama usiwe na wasiwasi tumekua, sasa hivi tuna kuta mia tatu mpaka Same. Nikabaki namwangalia. Mia tatu za nani sasa? Yeye ndo alikuwa analipwa kwa kila ukuta, mimi nimelipwa soda ambazo niliuza siku nne zikaisha, ukuta ukabaki mwekundu miaka sita.

Jumamosi nilimsikia yule yule wakala, kanyoa tu na kavaa moka.

Sasa tupige hesabu, chukua kalamu, na hii ni mfano tu wa namba nyepesi. Mtandao una blogu mia moja. Wateja wa matangazo wanaleta milioni kumi kwa mwezi. Mtandao unachukua asilimia arobaini, yani milioni nne, zinabaki milioni sita kwa blogu mia, kila mmoja elfu sitini. Haya, mtandao umekua, hongera, blogu sasa ni mia nne na wateja wameleta milioni ishirini, mara mbili kabisa. Mtandao unachukua milioni nane. Zinabaki kumi na mbili, gawa kwa mia nne, kila mmoja elfu thelathini. Umeona? Wao mapato yamekuwa mara mbili, wewe umekatwa nusu, na wote mko kwenye ukumbi mmoja mnapigia makofi mstari mmoja. Nafasi za matangazo zikiongezeka kuliko hela ya matangazo bei inashuka, ni kama nyanya pale soko la Kilombero siku magari ya Ngarenanyuki yameingia yote kwa pamoja, hakuna aliyekuroga.

Mtaniambia mama hayo ni ya Majengo, mitandao ya nje iko tofauti. Haya twendeni nje. Marekani kulikuwa na kampuni inaitwa Glam Media, ilikusanya blogu za wanawake za mitindo, mapishi, malezi, ikawa kubwa sana mpaka ikawa inatajwa kwenye orodha za mitandao yenye wasomaji wengi kabisa nchini kwao. Wasomaji wa nani? Wa zile blogu wanachama! Mama wa watu kaandika mapishi jikoni kwake usiku, msomaji wake akahesabiwa kuwa msomaji wa kampuni, na kampuni ikabeba hiyo namba kwenda kuomba mitaji. Mwaka 2014 wakabadili jina wakajiita Mode Media, Septemba 2016 wakafunga mlango ghafla, na wenye blogu wengi wakajitokeza kulalamika kwamba hela zao za miezi ya nyuma hawajalipwa. Na sio hao tu. Federated Media ya John Battelle ilianza 2005 ikiwa na blogu zenye majina makubwa, 2014 kitengo kimoja kikauzwa kwa kampuni ya televisheni, kilichobaki kikabadilishwa jina. Simsemi vibaya mtu, biashara ndo zilivyo, zinazaliwa zinauzwa. Nasema tu kwamba zinapouzwa sijasikia aliyempigia simu mwandishi wa blogu kumwambia njoo uchukue fungu lako.

Tena ilikuwepo njia nyingine mapema kabisa. Mwaka 2002 jamaa mmoja Henry Copeland alianzisha Blogads, na pale mwenye blogu alikuwa anajipangia bei mwenyewe, wiki moja hela kadhaa, mteja akitaka alipe asipotaka apite. Mwanzoni mwa 2004 kuna mgombea wa bunge wa jimbo la Kentucky kule Marekani, Ben Chandler, aliweka matangazo kwenye hizo blogu kwa kama dola elfu mbili hivi, akavuna michango karibu dola elfu themanini. Blogu zenyewe hazikuwa nyingi. Zilikuwa na wasomaji wanaoziamini, wanaosoma mpaka mwisho, na hicho ndo kitu mlichonacho nyie na hamkiuzi. Binti wa Usa River anayeandika mambo ya shule za watoto, wazazi wanamsoma kabla ya kulipa ada! Halafu pembeni ya maneno yake linawekwa tangazo la dawa ya kupunguza tumbo ambalo hakulichagua na analipwa senti.

Kuhusu senti, mjukuu wangu ana yale matangazo ya Google, AdSense. Ile barua yao ya namba ya siri, ya kuhakikisha anwani, ilikuja kwenye sanduku langu la posta, nikadhani ni bili ya kitu, nusura niitupe. Tulikaa tukahesabu. Mwezi mzuri kurasa zake zinafunguliwa mara elfu arobaini, akipata senti themanini za dola kwa kila elfu hizo ni dola thelathini na mbili. Hawalipi mpaka ufike dola mia. Kwahiyo miezi mitatu ana tisini na sita, anasubiri wa nne. Lakini niwape haki yao, wale mwaka 2010 walitangaza hadharani kwamba mwenye ukurasa anapata asilimia 68, siku hizi wamebadili namna ya kuhesabu ila bado wameandika, unasoma. Yule wa Jumamosi nimempekua makaratasi yake yote matatu, asilimia haipo. Imeandikwa "mgao mzuri wenye ushindani." Ushindani na nani?

Halafu muda wa kulipwa. Mkataba umesema siku tisini baada ya mwezi kuisha. Matangazo ya Novemba na Desemba ndo yenye hela kuliko yote, wateja wanamaliza bajeti, Januari bei inaporomoka kila mahali. Sasa hela yako ya Desemba unaipata mwisho wa Machi, wakati wewe Desemba umepanda kwenu Kibosho umechinja umenunulia wazee blanketi, na Januari ada ya mtoto iko mezani. Marehemu mzee wangu alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa, najua hii habari ya kusubiri. KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, tangu 1933, mkulima anapeleka kahawa anapata malipo ya kwanza, halafu anasubiri mnada, halafu malipo ya pili, na kuna miaka ya pili hayakuja watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya. Ila hata hivyo mkulima alikuwa na kitabu chake, kilo zimeandikwa, na kwenye mkutano mkuu alikuwa na haki ya kusimama kumuuliza mwenyekiti mbele ya watu. Nyie mkutano mkuu wenu uko wapi? Mmepewa fulana.

Sijasema msijiunge. Mtu mwenye wasomaji wachache peke yake hawezi kwenda kugonga mlango wa benki kuomba tangazo, hilo naelewa, na kuna wateja wakubwa hawaongei na blogu moja moja. Jiunge, ila kile kifungu cha ukurasa wa nne kinachosema nafasi zote za matangazo ni zao peke yao msikubali, hapo ndo wanapaka ukuta wote. Waachie nafasi mbili, moja ya juu ibaki yako. Na anayetaka kutoka atoke kwa notisi ya siku thelathini sio mwaka.

Ile nafasi yako uiuze mwenyewe, kwa miguu. Wiki ya Kilimanjaro Marathon, mwisho wa Februari kwenda Machi, Moshi gesti zinajaa mpaka watu wanalala kwa mashemeji, mwenye gesti ya Soweto au Shanty Town hawezi kukulipa elfu hamsini wiki mbili kabla? Juni kuna Karibu-KiliFair, makampuni ya utalii yanakuja kutafutana, wenye magari ya kukodi, wenye mahema, mafundi wa kushona sare za madereva. Hao hawajui kitu kinaitwa maonyesho elfu moja, yani tangazo kuonekana mara elfu, wanajua simu imelia au haijalia. Mwambie nitakuweka juu wiki moja kwa bei hii, simu isipolia wiki ya pili bure. Wawili wa hivyo kwa mwezi wameshaipita ile thelathini na mbili ya dola. Ni kazi ya aibu kidogo mwanzoni, kugonga milango, wengine watakwambia acha namba tutakupigia. Mimi niliuza mandazi kabla ya duka, aibu inaisha kabla ya sinia la pili.

Na mnakumbuka 2018 zilivyokuja zile kanuni za maudhui ya mtandaoni, leseni na ada zake zikapita milioni mbili, blogu ngapi zilizima? Baadaye zikapunguzwa lakini waliozima wengi hawakurudi. Sijaona mtandao wa matangazo uliojitokeza kulipia mtu leseni siku ile. Kwahiyo mkipiga hesabu ya mapato wekeni na hiyo humo, na bando, na umeme wa kukatika, msihesabu kama vile mnaandika hewani.

Nimesikia mnasaini Ijumaa. Nileteeni makaratasi kabla, hata picha kwa simu sawa ila mpige wima na kwenye mwanga, macho yangu sio yale. Niko Sakina nyumba ile ya geti la bluu, Jumatano asubuhi nipo, mchana msije nalala. Yule kijana mrefu mwenye blogu ya mpira aje na ile ripoti aliyotumiwa mwezi uliopita, aliniambia kuna mstari wa "makato mengineyo" haelewi ni nini, nataka kuuona huo mstari kwa macho yangu kwanza.

Mama yenu wa Sakina