Barua ya Malalamiko: Maandalizi ya Picha za Harusi Tuliyoyalipia na Hayakufanywa

Langoni,
Lamu.

Kwa Meneja,
Kampuni ya Picha na Video za Harusi,
Mombasa.

KUH: MAANDALIZI YA PICHA ZA HARUSI TULIYOYALIPIA NA HAYAKUFANYWA

Bwana Meneja, assalaam alaykum.

Mimi ni mama mdogo wa bibi harusi ambaye kampuni yako ilimpiga picha hapa Lamu mwezi wa Rajabu. Mkataba nilitia sahihi mimi na fedha zilitoka kwenye simu yangu: shilingi 120,000, nusu mbele, nusu asubuhi ya nikaha. Bei hiyo mliigawa wenyewe. Shilingi 85,000 zilikuwa za upigaji, na shilingi 35,000 za kile mlichokiita "maandalizi kamili". Hayo maandalizi ndiyo yaliyonifanya niwachague ninyi nikawaacha wapiga picha wa hapa mjini, na hayo ndiyo ambayo hamkuyafanya.

Sisemi kwamba hatukuulizwa maswali. Tuliulizwa. Dada wa ofisini kwenu alinipigia simu wiki kadhaa kabla, tukazungumza muda mrefu, akaandika kila nililomwambia na mwisho akanisomea nisahihishe. Nilimweleza siku zetu zinavyokwenda: hina Alhamisi, nikaha Ijumaa msikitini, kupamba Jumamosi usiku, na Jumapili picha za maharusi wawili. Nilimtumia orodha ya jamaa wa kupigwa picha, wazee wakiwa juu. Nilimwambia nyumba ilivyo. Nilimwambia masharti ya usiku wa kupamba, ambao ni wa wanawake peke yao, mara mbili, kwa sababu hilo si jambo la kusahaulika. Siku zote za harusi sikumwona yule dada, na waliokuja hawakuwa wamesoma hata mstari mmoja wa alichokiandika.

Nililitambua hilo pale pale gatini. Kiongozi wa kikosi alishuka boti ya kutoka Mokowe, gati ya ng'ambo bara, akanisalimu, akatoa karatasi yake, na swali lake la kwanza likawa gari la bibi harusi litapambiwa wapi. Karatasi yote ilikuwa ya harusi nyingine: gari, keki, baba akimtembeza binti kati ya viti, bibi harusi akirusha shada la maua. Ni harusi za watu na zina heshima zao, lakini si yetu. Tangazo lenu linaupamba mji huu kwa kusema umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Basi anayeutangaza mji kwa wateja angejua kwamba vichochoro vyake havipiti gari, na kwamba masanduku ya taa kutoka gatini hadi mtaa wetu wa Langoni hubebwa kwa mkokoteni au punda. Masanduku yenu yalikaa gatini mpaka vijana wetu wakayafuata.

Mkataba unasema kikosi kitafika siku moja kabla ya nikaha na kuikagua nyumba "katika saa zile zile za shughuli". Walifika Ijumaa adhuhuri. Ukaguzi huo si pambo, Bwana Meneja, na nyumba yetu ndiyo inayouhitaji kuliko zote. Ni nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, kuta nene, vyumba virefu vyembamba, haina madirisha upande wa njiani. Mwanga unaingilia kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, unapita msana, ule ukumbi unaoelekea ua, na ukifika ndani kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, umebaki kidogo sana. Mtu akija jana yake alasiri anaona kwa macho yake mwanga unakoangukia, anamkalisha bibi harusi msana ubavu ukielekea kiwanda, na zidaka zinabaki nyuma yake kwa kivuli kilaini. Mpiga picha wenu alimweka mtoto wetu mgongo ukutani akampiga flashi usoni. Zidaka zilizochongwa chokaa kwa mkono, kazi ya mafundi wa zamani, zimetoka bapa kama karatasi.

Flashi hiyo hiyo iliharibu na uso. Katika maandalizi mliahidi kuzungumza na mpambaji wetu na kumpiga mtu picha ya majaribio kwa flashi, kwa kuwa poda nyingine, hasa zenye kinga ya jua, kwa macho huzioni ila flashi ikiwaka zinageuka weupe. Mpambaji anasema hakuna aliyemtafuta. Kwenye picha za Ijumaa bibi harusi ana majivu chini ya macho na puani, ilhali sote tuliokuwa naye chumbani tulimwona anang'aa.

Ya nikaha sitarefusha. Msikitini mpiga picha alisimama nyuma ya nguzo, na pale walii alipomshika bwana harusi mkono kumwozesha, picha zilizopo ni za migongo ya watu. Kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe zimeungua hata tarizi ya kofia haionekani, na kofia ile ilishonwa kwa mkono. Zefe la kumleta bwana harusi limepigwa vizuri. Kirumbizi, ngoma ya fimbo, pia. Haki yao nawapa.

Kupamba ndiko kunakoniuma zaidi. Usiku ule ni wa wanawake peke yao. Wanavua mabuibui, wanavaa nguo zao na dhahabu zao, wana asumini kichwani na vikuba, vile vishada vidogo vya kunukia, kifuani, na simu zinakusanywa mlangoni ili kila mmoja astarehe. Ndiyo maana katika simu ile, na tena kwa maandishi, nilitaka wapiga picha wawili wanawake. Alikuja mmoja, msichana mwenye adabu ambaye mwenyewe alituambia bado anajifunza. Wa pili alikuwa kijana wa kiume, naye alisimama mlangoni akisisitiza kwamba ametumwa kupiga video. Wanawake waliokuwa karibu na mlango wakavaa mabuibui yao upya, na vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, likakatizwa mpaka alipoondoka. Mama zetu waliotoka Matondoni na Shela kwa ajili ya usiku ule hawakukaa tena kwa raha.

Ndani ukumbini kulikuwa na taa za rangi, zambarau na buluu. Nilimweleza dada yenu kwamba mwenye taa amekubali kuzigeuza nyeupe bibi harusi anapoingia na kukalishwa kitini, mradi mpiga picha amwashirie. Msichana yule hakuambiwa. Akapiga vile vile, na uso wa bibi harusi ni zambarau tangu anaingia mpaka somo wake, yule mwanamke anayemfunda, anamfunua mtandio. Nimeuliza fundi wa picha hapa, ameniambia rangi ile haitoki yote hata ikisafishwa vipi.

Vishada vya asumini navyo. Tumba huchumwa jioni, huchanua usiku, na asubuhi zimeshapiga weusi. Hakuna kurudia kesho. Nilisema vipigwe kwa karibu mara tu vinaposukwa. Hakuna picha hata moja ya vishada.

Katika orodha niliyotuma, jina la juu kabisa lilikuwa la mama yetu, bibi yake bibi harusi. Nilieleza kwamba ni mtu mzima sana, hakai muda mrefu, na apigwe kwanza na mjukuu wake kabla wageni hawajajaa. Alivikwa leso mpya na kikuba tangu alasiri, akakalishwa kwenye kiti chake akingoja kuitwa. Nilimwendea yule msichana, naye akanionyesha karatasi ya gari na keki, ndiyo aliyopewa afuate. Wageni wakaingia, bibi harusi akazungukwa, na mama yetu akachoka akarudishwa nyumbani. Katika picha zote mlizotuletea hayumo. Mjukuu huyu alilelewa naye, na tulipofungua picha jina la kwanza aliloulizia lilikuwa la bibi yake.

Jumapili mliahidi "machweo ya dhahabu gatini na ufukwe wa Shela saa kumi na moja". Ahadi hiyo mmeiandika wenyewe kwenye ratiba, na yeyote aliyewahi kusimama gatini kwetu jioni anajua haiwezekani. Mji wa Lamu umeelekea mashariki, uso wake unatazama kisiwa cha Manda. Jioni jua linachwa nyuma ya nyumba na gati yote inaingia kivulini mapema. Anayetaka machweo huwapandisha maharusi boti akaingia nao mkondoni, wakayatazama kutoka majini. Na siku ile mwezi ulikuwa wa siku kumi na tano, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka kuliko siku nyingine. Kwetu siku za bamvua maji hujaa alasiri, sehemu za njia ya ufukweni ya kwenda Shela hufunikwa, na mchanga unabaki ukanda mwembamba. Hilo mvuvi yeyote angewaambia bila malipo. Picha ya siku ile ilifaa ipigwe asubuhi, saa moja na nusu hadi saa tatu, jua likipiga uso wa mji, maji yakitoka na mchanga ukifunguka. Badala yake maharusi walisimama kivulini wakiwa na pindo za nguo zilizolowa, na machweo "ya dhahabu" yamebandikwa baadaye kwa kompyuta juu ya Manda, upande ambao jua huchomoza. Kila mtu wa Lamu aliyeiona picha hiyo ameniuliza ni wapi.

Na mkono wenu wa kompyuta haukuishia angani. Mmemwongezea mtoto wetu weupe ambao hatukuuomba. Ana rangi nzuri ya maji ya kunde, rangi ya mamake. Hina tuliipaka Alhamisi makusudi, ili Jumamosi iwe imeiva na kukolea, na kweli ilikolea ikawa nyekundu ya kiza. Kwenye picha zenu imekuwa ya machungwa, kwa kuwa mlipomng'arisha mikono mliing'arisha na hina. Hakuna mahali katika mkataba tulipowapa ruhusa ya kumbadilisha rangi.

Jumatatu asubuhi picha za kupamba zilikuwa kwenye ukurasa wenu mtandaoni. Bibi harusi alikuwemo, na nyuma yake wageni wetu wakiwa vichwa wazi, nyuso zao zinatambulika. Nilipiga simu asubuhi hiyo hiyo, zikaondolewa baada ya Isha. Kwa muda huo tayari zilikuwa zimeshapita kwenye simu za watu. Katika maelezo ya maandalizi kulikuwa na swali lenu wenyewe: "Je, tunaruhusiwa kuchapisha?" Jibu langu liliandikwa: hapana, hata moja. Mgeni mmoja mumewe amekasirika naye, na mimi ndiye niliyemwalika na kumhakikishia kwamba simu zote zimezuiwa. Faragha ni haki iliyo katika Kifungu cha 31 cha Katiba, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haiwapi ruhusa ya kutumia sura ya mtu kutangaza biashara yenu bila ridhaa yake. Wageni wale hawakuombwa, na sisi tulioombwa tulikataa.

Ninayoyataka ni haya. Shilingi 35,000 za maandalizi nirudishiwe zote, maana kazi hiyo haikufanywa. Katika zile 85,000, mrudishe fungu la usiku wa kupamba, kwa sababu mlituma mwanamke mmoja mkalipisha wawili. Picha asilia zote, zisizoguswa, zikabidhiwe familia ili tutafute wa kuzisafisha bila kumbadilisha mtoto rangi. Picha za kupamba zifutwe katika simu, kompyuta na hifadhi zote za wafanyakazi wenu mara tu tukishazipokea, nami nipewe barua yenye sahihi yako inayothibitisha hivyo na kutaja nani alizishika. Tena nataka barua ya kuomba radhi kwa wale wageni. Nitaipeleka mwenyewe nyumbani kwao.

Nakupa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita kimya, suala la picha mtandaoni nitalipeleka kwa Kamishna wa Data, ambaye kisheria hulikamilisha lalamiko ndani ya siku 90. Suala la fedha nitalipeleka Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na fidia anapopata hasara. Mkataba, orodha yangu, ratiba yenu na nakala za ujumbe wote ninazo.

Liko jambo moja ambalo bado mnaweza kulitengeneza, na ningependa mlitengeneze kabla ya hayo yote. Mama yetu yu hai, alhamdulillahi, na mjukuu wake bado yuko Lamu. Tumeni mpiga picha mwanamke, kwa gharama yenu, aliyesoma barua hii na ile karatasi ya dada wa ofisini. Afike jana yake alasiri aione nyumba. Asubuhi, baada ya mama kunywa chai na kabla jua halijaingia moja kwa moja kiwandani, awakalishe wawili hao msana, bila flashi, ampige mama na mikono yake na pete zake. Asimharakishe, wala asimfanye angoje. Siku mtakayoichagua nijulisheni mapema kwa namba iliyo kwenye mkataba, ili nimtume mtu Mokowe kumpokea na vyombo vyake.

Wassalaam,

Mama mdogo wa bibi harusi